Baiti 83 60 kwenye faili la MIDI: mbona naona nota ambazo sijapiga?

besi_wa_pili

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada, hii ni wiki ya pili nimekwama. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Dodoma, tunaimba kwa sol-fa kama kwaya nyingi tu, d r m f s l t, na kila wimbo mpya ukija mimi ndo nakesha naandika sauti zote nne kwa mkono halafu asubuhi natafuta pa kutoa kopi. Mwaka huu nimeanza kujifunza Python nikaona ngoja niandike kaprogramu, nipige kila sauti kwenye kinanda, nihifadhi MIDI, yaani faili la amri za nota, kwenye flashi, kompyuta isome nota na kunitolea sol-fa. Najua kuna maktaba zilizoandikwa na watu zinazosoma MIDI tayari, nimeshaambiwa mara nyingi, ila mimi nataka nilielewe faili lenyewe maana nikikwama ndani ya kazi ya mtu mwingine sitajua nianzie wapi.

Ili nisijichanganye nimetengeneza faili dogo kabisa. Do, mi, so, basi. Do pigo moja, mi pigo moja, so mapigo mawili, nimeziingiza moja moja kwa step wala sijapiga laivu ili muda ukae sawa. Faili zima ni baiti 55, hili hapa kwa heksa, yaani namba za msingi wa 16:

4D 54 68 64 00 00 00 06 00 00 00 01 01 E0 4D 54
72 6B 00 00 00 21 00 FF 51 03 07 A1 20 00 90 3C
50 83 60 3C 00 00 40 50 83 60 40 00 00 43 50 87
40 43 00 00 FF 2F 00

Nilichosoma ni kwamba 90 ni kuwasha nota kwenye chaneli ya kwanza, inayofuata ni namba ya nota, ya tatu ni nguvu ya kidole. Na 80 ni kuzima. Sasa programu yangu inapita kwenye faili, ikikuta baiti inayoanza na 9 au 8 inachukua mbili zinazofuata. Majibu yake haya:

washa nota 60 chaneli 1
zima nota 96 chaneli 4
zima nota 96 chaneli 4
zima nota 64 chaneli 8

Ya kwanza sawa, 3C ni 60, ndo do yangu ya katikati. Lakini hizo nyingine! Sijawahi kugusa chaneli ya 4 wala ya 8, na nota 96 iko juu huko hakuna soprano wangu hata mmoja anayeifikia. Na mi na so hazijawashwa kabisa, wakati nikilicheza hilo faili kwenye kinanda nazisikia zote tatu vizuri tu. Kinanda kinaona nini ambacho mimi sikioni?

hesabu_16

Mwalimu salamu kutoka Nairobi. Pole, hii kitu ilinitesa mimi pia, na umefanya jambo moja la maana sana, kutengeneza faili dogo ambalo unajua kilichomo. Wengi huanza na wimbo mzima wa dakika tano halafu wanazama humo.

Shida yako ni kwamba unatafuta baiti. Ndani ya MIDI huwezi kutafuta, lazima utembee. Baiti 83 ikiwa sehemu moja ni amri, ikiwa sehemu ingine ni muda, ikiwa ndani ya jina la treki ni sehemu ya herufi, na ukiiangalia peke yake hakuna njia ya kujua ni gani. Utajua tu kama umetoka mwanzo hatua kwa hatua bila kuruka hata baiti moja.

Baiti 14 za kwanza ni heda. 4D 54 68 64 ni herufi MThd, 00 00 00 06 inasema zinafuata baiti sita, kisha aina ya faili 00 00, idadi ya treki 00 01, halafu 01 E0. Hiyo 01 E0 ishike vizuri, ni 480, yaani pigo moja limekatwa vipande 480. Kisha 4D 54 72 6B ni MTrk, na 00 00 00 21 ni urefu wa treki, baiti 33. Hesabu mwenyewe kuanzia hapo mpaka mwisho utapata 33 kamili.

Kuanzia hapo mpangilio ni mmoja tu mpaka mwisho: muda, tukio, muda, tukio, muda, tukio. Kila tukio linatanguliwa na muda wake, hata kama muda wenyewe ni sifuri. Faili yako nikiikata mahali inapostahili kukatwa inakuwa hivi:

00 | FF 51 03 07 A1 20
00 | 90 3C 50
83 60 | 3C 00
00 | 40 50
83 60 | 40 00
00 | 43 50
87 40 | 43 00
00 | FF 2F 00

Umeona 83 60 imekaa wapi? Imekaa mahali pa muda. Si kuzima nota ya chaneli 4, ni namba. Muda kwenye MIDI hauna urefu maalum, unaweza kuchukua baiti moja mpaka nne, na kila baiti ina biti nane (tarakimu za 0 au 1), saba tu ndizo za hesabu. Biti ya nane, ile ya juu kabisa, kazi yake ni kusema kama bado kuna nyingine inakuja. Ikiwa 1 endelea, ikiwa 0 mimi ndiyo ya mwisho. Chukua 83, ondoa ile biti ya juu inabaki 3. Inayofuata ni 60, haina biti ya juu kwa hivyo ni ya mwisho, na 60 ya heksa ni 96. 3 mara 128 ni 384, ongeza 96 unapata 480. Pigo moja kamili, do yako hiyo! Na 87 40 ni 7 mara 128 ongeza 64, 960, mapigo mawili ya so.

Sasa kitu cha pili, kwa nini huoni 90 zingine. Angalia baada ya 83 60 ya kwanza, inakuja 3C. Amri zote zina biti ya juu, kumaanisha zinaanzia 80 kwenda juu. 3C iko chini ya 80 kwa hivyo haiwezi kuwa amri, ni data. Basi amri iko wapi? Ni ile ile ya mwisho, 90, bado inaendelea, haikuandikwa tena ili kuokoa nafasi. Wenyewe wanaiita raning stetasi. Kwa hivyo soma 90 3C 00, washa nota 60 kwa nguvu sifuri, na nguvu sifuri kwenye amri ya kuwasha maana yake ni kuzima. Ndiyo maana kwenye faili yako hakuna 80 hata moja. Kinanda chako kinazima nota kwa kutumia 90 makusudi, ili amri isibadilike na raning stetasi isikatike.

Kusoma muda ni mistari michache tu:

def soma_muda(d, i):
    n = 0
    while True:
        b = d[i]
        i += 1
        n = (n << 7) | (b & 0x7F)
        if b < 0x80:
            return n, i

Inakurudishia muda na mahali ulipofika. Baada yake angalia d[i]. Kama ni 80 au zaidi hiyo ni amri mpya, iweke kwenye kumbukumbu na usonge mbele baiti moja. Kama ni chini ya 80 usisonge, tumia amri ya zamani. Jambo moja ambalo watu husahau, si amri zote zina data mbili. Zinazoanza na C, za kubadilisha sauti ya chombo, na zinazoanza na D, za mgandamizo wa chaneli, zina data moja tu. Ukichukua mbili hapo utakuwa umekula baiti ya muda na kila kitu mbele kinaharibika.

besi_wa_pili

Mkuu ubarikiwe sana. Nimekaa na kalamu na karatasi nikakata baiti moja moja kama ulivyofanya, nilipofika 87 40 nikapata 960 mwenyewe kabla sijarudi kuangalia jibu lako, nilifurahi nikamwita mke wangu aje aone. Programu sasa, nikiianzisha kwenye ile 90, inatoa 60, 64, 67 na muda 480, 480, 960.

Ila nina mawili. La kwanza nilitaka iishie pale treki inapoishia, nikasoma ule urefu kwa int.from_bytes, nikaweka "little" kwa sababu niliambiwa kompyuta zetu hizi ndo zinavyohifadhi namba, nikapata 553648128. Faili zima ni baiti 55! La pili nimechukua faili la kweli, sauti ya alto ya wimbo wa Pasaka, limeanza vizuri halafu baada ya baiti kama ishirini linatoa uchafu mtupu. Nadhani ni hizo FF, maana nazisoma kama amri za kawaida zenye data mbili.

fundi_vinanda_arusha

Mwalimu hilo la urefu ni dogo. Namba zote za kwenye faili la MIDI zinaanza na baiti kubwa, yaani ile yenye thamani kubwa, iwe heda, iwe urefu wa treki, iwe tempo. Weka "big" badala ya "little" utapata 33. Kompyuta yako inahifadhi vipi huko ndani haihusiani, faili lina utaratibu wake.

FF ni habari za faili lenyewe, haziendi kwenye kinanda kama sauti. Mpangilio wake ni FF, halafu aina, halafu urefu, halafu data. Ya kwako ya kwanza FF 51 03 07 A1 20, aina 51 ni tempo, urefu 3, na 07 A1 20 ni 500000, hizo ni maikrosekunde za pigo moja. Gawa 60000000 kwa 500000 unapata mapigo 120 kwa dakika. Ukitaka 80 ni 750000 ambayo ni 0B 71 B0. FF 03 ni jina la treki, na nadhani ndo iliyokuangusha kwenye alto kwa sababu kinanda kikiandika jina lenye herufi kumi we umechukua baiti mbili tu, ile aina na urefu, herufi zote kumi zimegeuka muda na nota. Uzuri wake hauhitaji kuzijua aina zote. Usiyoijua soma urefu wake, ruka baiti hizo, endelea na safari. Urefu huo nao unasomwa kwa soma_muda ile ile, usichukue baiti moja kwa mazoea, jina refu likizidi herufi 127 litakupoteza. F0 nayo iko hivyo hivyo kwenye faili, F0 kisha urefu kisha data. Na ukishapita FF au F0 futa amri uliyoihifadhi, raning stetasi inakatika hapo, tukio la chaneli linalofuata lazima lije na amri yake.

Kuna watu wanauliza kwa nini wakajisumbua kuficha amri ili kuokoa baiti moja. Mimi nilielewa siku niliyofungua vinanda viwili vya zamani nikawa napima waya unaoviunganisha. MIDI imeanza 1983, waya kwanza, faili la kawaida limekuja 1988. Na waya ule unapitisha biti 31250 kwa sekunde, kila baiti inasafiri na biti ya kuanzia na ya kumalizia, jumla biti 10, kwa hiyo ni baiti 3125 kwa sekunde basi. Piga nota kumi kwa pamoja kwa mikono miwili, ukiandika amri kila mara ni baiti 30, nota ya mwisho inafika milisekunde 9.6 baada ya kuanza. Amri ikitajwa mara moja tu ni baiti 21, milisekunde 6.7. Kwa mwanamuziki tofauti hiyo si ya kudharau, hasa ngoma zikiwa zinapita waya huo huo. Faili lilipokuja likarithi tabia za waya, na leo flashi yako ina nafasi ya kumwaga lakini 3C 00 bado inakuja bila 90 yake.

Na ukileta faili lenye ngoma, ziko chaneli ya 10, ila kwenye baiti utaona 99 kwa sababu hesabu inaanzia sifuri. Ziruke, usije ukampa mwimbaji wa sauti ya tena sol-fa ya ngoma.

kanuni_ya_forodhani

Assalaam aleykum maalim, na wakubwa wote hapo juu ahsanteni, nimejifunza. Mie nipo Unguja, napiga kanuni, na nimeingia kwenye baiti hizi kwa mlango mwengine kabisa. Kinanda chetu cha taarab hakina robo sauti. Ukipiga maqam ya rast, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu, kuanzia do, mi yake si mi ya kinanda, inatakiwa iwe chini kwa nusu ya nusu-toni, na fidla na udi wanaishika pale pale kwa kidole, sasa kinanda kikija na mi yake iliyonyooka masikio yanauma.

Kwenye MIDI namba ya nota haina robo, 64 ni mi na 63 ni ile nyeusi ya chini yake, hapana katikati. Njia ni amri ya E, ile ya kupinda sauti. Ina data mbili, biti saba saba, jumla biti 14, kwa hivyo inaanza 0 mpaka 16383 na katikati, pasipo kupinda, ni 8192. Vyombo vingi vimewekwa vipinde nusu-toni mbili kwenda juu na mbili kwenda chini, basi 8192 ni nusu-toni mbili, na robo sauti ni 2048. Toa, inabaki 6144.

Sasa hapa nilikaa siku tatu. Huyu ndugu wa Arusha kasema kila namba inaanza na baiti kubwa, na kweli, lakini hii ya kupinda imekuja kinyume, inaanza ndogo. Hii si namba ya faili, ni ujumbe wa waya uliotiwa ndani ya faili. 6144 ni 48 mara 128, baki sifuri, kwa hivyo unaandika E0 00 30. Mie niliandika E0 30 00, kinanda kikashuka karibu toni nzima, nikadhani kimeharibika. Kurudisha katikati ni E0 00 40.

Na jengine, kupinda kunashika chaneli nzima wala si nota moja. Ukipinda chaneli ya kwanza wakati mkono wa kushoto umeshika do ndefu, na do nayo inashuka. Mi ya rast naiweka chaneli ya pili peke yake, E1 00 30, na zilobaki zinakaa ya kwanza.

fundi_vinanda_arusha

Shekhe upo sahihi kabisa, nimesema "namba zote" nikapitiliza. Namba za faili ni kubwa kwanza, kupinda ni ndogo kwanza. Ahsante kwa kunirekebisha.

besi_wa_pili

Jamani nimepata! Alto ya Pasaka imesomeka mpaka FF 2F 00 bila kupotea. Kweli lilikuwa jina la treki.

Sasa nimefika kwenye sol-fa yenyewe. Wimbo uko kwenye G na programu inadhani do ni C kila siku, kwa hiyo wimbo mzima umeanzia so. Naweza kuandika kwa mkono kila wimbo do yake iko wapi, lakini faili si linajua? Na swali lingine, nikipiga laivu muda unakuja 467, 491, 12, haukai 480.

hesabu_16

Faili inaweza kujua. Tafuta FF 59 02, baiti inayofuata ni idadi ya shapu au flati, iite sf. G ni 01. B-flat ina flati mbili inaandikwa FE, kwa sababu hasi inahesabiwa kurudi nyuma kutoka 256, kwa hivyo kama baiti imezidi 127 toa 256 upate -2. Halafu do = (sf * 7) % 12. Jaribu na G, 7. Jaribu na -2, Python itakupa 10, ambayo ni B-flat. Kisha kila nota (n - do) % 12, ukipata 0 ni d, 2 r, 4 m, 5 f, 7 s, 9 l, 11 t. Ukipata 6 ni fe, yaani f iliyopanda nusu-toni, 10 ni ta, t iliyoshuka.

Baada ya hiyo kuna baiti nyingine ya kusema kama ni meja au maina. Hiyo wewe huihitaji, kwaya zenu kwenye maina zinaanzia la, do inabaki ilipo. Ila chunga, kinanda kingi kinaandika 00 00 bila kukuuliza au hakiandiki kabisa, kwa hivyo acha mlango wa kuweka do kwa mkono.

Muda wa laivu, usipime kutoka kuwasha mpaka kuzima, vidole huinuka mapema. Pima kutoka kuwasha nota hii mpaka kuwasha inayofuata, kisha zungusha kwenye 240 iliyo karibu, nusu pigo. Na pengo la kati ya kuzima na kuwasha likizidi 240 lihesabu kama pumziko. Usisahau kujumlisha muda wa matukio yote ya katikati, hata yale unayoruka kama FF, kwa sababu kila muda unahesabiwa kutoka tukio lililotangulia, si kutoka mwanzo wa wimbo.

besi_wa_pili

Hiyo ya mwisho ndo ilikuwa inanichelewesha mapigo, nilikuwa naruka FF pamoja na muda wake. Nimerekebisha sasa hivi. Faili letu la baiti 55 limetoa hivi:

d :m |s :– ||

Na alto ya Pasaka imetoka ukurasa mzima, nimeilinganisha na ya kwangu ya mkono, wamepishana sehemu moja tu na nilipokwenda kusikiliza aliyekosea ni mimi, niliandika fe pasipo na fe. Kesho jioni mazoezi, naanza na sauti ya tena.